Wazazi: Hawajulikani



Mwaka jana, katika mwezi wa Novemba tunapowaombea marehemu wetu, wenzetu wa chama walituomba tuandike neno kwa ajili ya ukurasa huu juu ya wazee waliotutangulia. Tuliahidi, kisha tukanyamaza. Wakati ule tulikuwa tumekwisha kusoma jambo moja katika kitabu cha ubatizo cha zamani, na hatukuwa tumeamua kama ni jambo la kusemwa mbele za watu. Leo tunaandika. Tunaandika wawili, mume na mke, kama tulivyozoea katika chama hiki. Ukoo utakaosemwa hapa ni wa mmoja wetu kwa kuzaliwa; lakini mwingine amekaa ndani yake miaka thelathini na moja, amezaa humo na amezika humo, wala hawezi tena kusema "ukoo wenu".

Mara nyingi mmetusikia tukijisifu kwamba sisi ni watu wa ziwa. Katika mji huu maneno kama hayo yana uzito. Lubumbashi ilianza mwaka 1910, reli ya kutoka kusini ilipofika, na tangu hapo karibu kila mtu aliyekaa hapa ameletwa na kazi, au ni mtoto wa aliyeletwa na kazi. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilitafuta mikono mbali: Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi, hata kando za Tanganyika. Ndiyo sababu swali la kwanza baada ya salamu ni "Asili yako ni wapi?" Swali hilo laweza kuwa tamu kama utani wa makabila, na laweza kuwa kisu. Wenye umri wetu wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, jinsi jirani aliyezaliwa Likasi au Kolwezi alivyoambiwa arudi "kwao" Kasai, mahali ambapo hakuwa amepaona hata siku moja, na jinsi watu walivyolala kwenye vituo vya reli wakingoja gari-moshi.

Asili yetu sisi ilijulikana, au ndivyo tulivyodhani. Baba mkubwa aliisimulia kila Krismasi na kila kilio. Babu yake alikuwa nahodha wa mashua kwenye Ziwa Tanganyika; aliwavusha mapadri kati ya Karema na Mpala, na dhoruba ya usiku haikumshinda. Mkewe alikuwa binti wa wakulima chini ya milima ya Marungu, watu wa mihogo, maharagwe na mahindi. Baba alivua, mama alilima, na watoto hawakulala njaa. Watoto wetu waliijua hadithi hiyo kuliko katekisimu, tukiri tu. Hata dagaa waliokaushwa walipoletwa kutoka Kalemie, Baba mkubwa aliwanusa kwanza, akafumba macho, akasema, "Hiyo ni harufu ya nyumbani." Yeye alizaliwa katika kambi la wafanyakazi hapa mjini, wala hajapata kuishi kando ya ziwa.

Sasa tuseme lile linalotuuma. Miaka kumi na minane iliyopita mtoto wa ndugu yetu alitaka kumwoa binti wa familia moja ya parokia yetu. Walijuana katika kwaya. Tuliwapenda wote wawili. Tulikuwa tunakwenda kusali rozari nyumbani kwa wazazi wa binti kila mwezi wa Oktoba. Wazee wa familia ile nao walitoka pande za Moba, na hawakuficha kwamba mama wa bibi yao alikuwa "mtoto wa misioni", maana yake mtoto aliyenunuliwa na mapadri kutoka mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa. Ukoo ulipokutana, Baba mkubwa alisema maneno machache tu: kwamba hawezi kuchanganya damu ya watu wa ziwa na damu isiyojulikana ilikotoka, kwamba kwa Watabwa ukoo hufuata mama, na mtu asiye na ukoo wa mama ni kama mtumbwi uliokatika kamba. Hakuna aliyepinga. Sisi tulikuwapo. Tulikula kuku wa siku ile, tukatazama sahani zetu. Vijana waliachana. Binti aliolewa mbali, kijana naye akaoa baadaye, kila mmoja ana watoto, na hatusemi kwamba hawana furaha. Twasema tu kwamba tulinyamaza.

Baba mkubwa alifariki, Mungu ampe pumziko la milele. Baada ya kilio tulipewa sanduku lake la bati tulipange. Lilikuwa na mambo ya kila nyumba ya mfanyakazi wa zamani: shuka iliyokunjwa, medali ya Bikira Maria, picha ya ndoa, na karatasi. Karatasi nyingi. Kulikuwa na kitambulisho cha kazi cha babu, kile cha Union Minière, chenye namba ya mfanyakazi ambayo wazee wote waliikariri kama Baba Yetu. Jina lake limeandikwa kwa namna tatu katika kurasa nne, kila karani akiandika kama sikio lake lilivyosikia. Kulikuwa pia na karatasi ya familia. Kampuni ilipobadili siasa yake katika miaka ya ishirini na kuanza kuwataka wafanyakazi wakae na wake zao kambini, iliwahesabu watoto kwa makini, kwa kuwa posho ilitolewa kwa idadi ya vinywa. Kwa hiyo mtu akitaka kujua baba yake alizaliwa wiki gani, mara nyingine posho itamjibu kuliko ofisi ya serikali. Tulicheka, kisha tukaona haya kidogo: babu yetu, pamoja na huzuni zake na nyimbo zake, amebaki katika karatasi hizo kama kilo za unga.

Chini kabisa, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa uzi, tulikuta kadi ya ubatizo ya babu. Ilitaja misioni moja ya kando ya ziwa, mwaka 1904, na namba ya kitabu.

Wengi wetu tunaiona kadi ya ubatizo kuwa karatasi ya kuombea ndoa au ya kumwingiza mtoto shuleni. Kwa kweli ni mlango. Kanisa lilianza kudai vitabu hivi tangu zamani; Mtaguso wa Trento uliamuru kitabu cha ndoa mwaka 1563, na leo sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, yataka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya wafu, na kwamba vile vya kale vitunzwe kwa uangalifu. Tena kitabu cha ubatizo hakifungwi siku ya ubatizo. Pembeni huandikwa kipaimara, ndoa, upadri, nadhiri. Mtu aliyebatizwa kijijini akafunga ndoa mjini, paroko wa mjini hutuma habari kijijini, nayo huandikwa kando ya jina lake. Kwa hiyo mstari mmoja wakupeleka kwa mwingine: ubatizo wa mtoto wataja wazazi, wazazi wana ndoa yao, ndoa yataja ubatizo wa mume na wa mke. Ukiwa na namba moja na uvumilivu, waweza kupanda ngazi.

Tuliondoka wakati wa kiangazi, kwa barabara ya Kasomeno, Kilwa na Pweto. Juu ya barabara hiyo hatusemi mengi. Waliopita wanajua, na wasiopita wasitamani. Pande hizo vita viliziharibu sana, Pweto ilianguka mwishoni mwa mwaka 2000 na watu wakakimbilia ng'ambo, Zambia. Njiani tuliwaza mara kwa mara kwamba labda tunakwenda kutafuta majivu. Lakini paroko alitupokea, akatupa maji ya kuoga na ugali, na asubuhi baada ya Misa akaleta vitabu vimefungwa kwa kitambaa, akaviweka juu ya meza ya sakristia kama mtu anayemlaza mtoto mchanga.

Vimeandikwa kwa Kilatini, wino umegeuka rangi ya chai. Ubatizo wa babu tuliupata kwa muda mfupi. Wazazi wake walikuwa na majina yao ya Kikristu, pamoja na namba ya ndoa. Ndoa tuliipata pia: mwaka 1900, siku moja na ndoa nyingine tano, zote zimeandikwa kwa mkono mmoja, zote na mashahidi walewale. Hapo paroko alitazama dirishani. Yeye alikwisha kufahamu. Sisi bado.

Mstari wa ubatizo wa bibi ni wa mwaka 1895. Umri wake umekadiriwa: miaka kumi na miwili, hivi. Mahali pa wazazi pana neno moja, *ignoti*, yaani hawajulikani. Na chini yake, kwa herufi ndogo, *redempta*: aliyekombolewa. Tuligeuza kurasa. Neno lilelile, ukurasa baada ya ukurasa, *redemptus*, *redempta*, wavulana na wasichana. Mstari wa babu mkubwa, yule nahodha, haukuwa tofauti sana. Nchi yake imetajwa: Manyema, mbali na ziwa, huko bara. Kumbe mashua alijifunza baadaye, akiwa tayari ametolewa kwao. Ni kweli alikuwa mtu wa mashua. Wazee wa hapo walituambia kwamba jina lake lingali katika midomo ya wavuvi. Hilo la dhoruba labda ni kweli pia. Lakini maji hayo hakuzaliwa kando yake. Yalimpokea.

Inafaa tukumbushane historia, kwa kuwa vijana wetu hawafundishwi sana. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie mwaka 1868, walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka 1885 walipokea kituo cha Mpala kilichojengwa na kapteni Storms. Miaka miwili baadaye akaja kapteni Joubert kuwalinda kwa bunduki. Na Baudouinville, Moba ya leo, ikaanza mwaka 1893. Ulikuwa wakati wa pembe za ndovu na wa watumwa. Watu wa Rumaliza upande wa kaskazini wa ziwa, watu wa Tippu Tip huko Manyema, na hapa kwetu Katanga mfalme Msiri wa Bunkeya, wote walifanya biashara hiyo, wala wanunuzi hawakuwa wa rangi moja wala wa dini moja. Mapadri walinunua watoto kwa vitambaa na bidhaa nyingine, wakawalea, wakawafundisha miaka minne kama Lavigerie alivyoagiza, wakawabatiza, wakawaozesha wao kwa wao, wakawapa mashamba katika vijiji vya Wakristu. Ndizo zile ndoa sita za siku moja.

Tunawashukuru mapadri wale. Bila kile kitambaa kisingekuwapo kiganja hiki kinachoandika. Lakini tukiwa watoto wa wale watoto, tunayo haki ya kuuliza pia. Msichana wa miaka minane au tisa anajua jina la mama yake. Katika miaka ile yote ya mafundisho, hakupatikana mtu wa kumwuliza? Au aliulizwa, naye akakataa kulisema? Au walichukuliwa wengi mno, na kalamu ikachoka? Mtakatifu Yosefina Bakhita, aliyebatizwa Venice mwaka 1890 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000, hakuweza kulikumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Hofu ya siku alipotekwa ililifuta, na lile tunalomwitia altareni ni jina alilopewa na waliomteka. Tulikuwa tumesali novena yake mara nyingi. Hatukuwahi kudhani kwamba tulikuwa tunazungumza na mtu wa nyumbani.

Lakini bibi yetu hakusahau kila kitu. Kando ya jina la Kikristu, padri mwandishi aliandika jina la kwanza, lile alilokuja nalo. Tulilisoma, na mmoja wetu akalazimika kuketi. Lilikuwa jina la Baba mkubwa.

Tueleze. Mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipokataza majina ya Kikristu, kila mtu alitafuta jina la mababu. Wengi walichukua jina la babu au la mjomba. Baba mkubwa alichukua jina ambalo hakuna mtu katika ukoo aliyelijua. Alipoulizwa, alijibu kwamba ni jina la upepo fulani wa ziwani, nasi tuliridhika; jina zuri kwa mtu wa ziwa. Hatuliandiki hapa, maana ukoo ni mkubwa na wengine hawajaambiwa bado. Lakini ninyi mwaona lina maana gani. Alijua. Labda babu alimwambia, labda alikuwa amekwisha kuandika barua kwa paroko wa kule kabla yetu. Miaka thelathini na zaidi kabla ya kikao kile cha kuku na sahani, alikuwa amejivika jina la msichana aliyeuzwa, akalibeba kazini, kanisani, na katika kila karatasi ya serikali. Kisha akamkataa binti wa watu kwa kosa la kuwa na bibi kama wake.

Tulijaribu kumkasirikia. Haikuwezekana kwa muda mrefu. Tulipokuwa tukirudi tulizungumza juu ya hofu, jinsi inavyoweza kukaa ndani ya mtu mkarimu, msali rozari, na kumfanya mlinzi mkali wa mlango ambao yeye mwenyewe alipenya kwa siri.

Katika kitabu cha Ezra, sura ya pili, kuna orodha ndefu ya waliorudi kutoka Babeli, ambayo msomaji wa Misa hushukuru hapewi kuisoma. Lakini humo mna watu tunaowapenda sasa. Ni wale walioshindwa kuonyesha nyumba ya baba zao, kama kweli ni wa Israeli. Wengine walikuwa makuhani. Walitafuta majina yao katika kumbukumbu, hayakuonekana, wakazuiwa wasile vitu vitakatifu. Mmoja wa mababu wao alikuwa amechukua jina la Barzilai, baba wa mkewe. Yaani hata wakati ule watu walikuwa wakibadili majina na kuwatesa makarani. Ezra hasemi kwamba watu hao walikuwa wageni. Asema tu kwamba kitabu kilinyamaza juu yao, nao wakawekwa kando. Tena walikuwa wametembea njia ileile ndefu pamoja na wengine. Sisi tulipomaliza kusoma tulirudi nyuma kutafuta kama kuna mtu yeyote aliyesimama kuwatetea. Hakuna aliyeandikwa.

Tulikaa na habari hii miezi mingi. Mmoja wetu alitaka tuanze na kikao cha ukoo. Mwingine alisema kwamba kuna nyumba ya kwenda kwanza. Tulishindana, na haikuwa kwa sauti ndogo kila siku. Mwisho tulikwenda katika Kwaresima, Katuba, kwa wazazi wa yule binti, tukiwa na sukari na kilo chache za unga, kwa kuwa hatukujua mtu aende na nini kwa safari ya namna hiyo.

Mzee alitukaribisha chini ya mwembe. Mkewe alitusalimu kutoka jikoni, hakutoka. Tulisema yote, kuanzia bahasha yenye uzi hadi jina lile. Tulimwonyesha picha ya ukurasa katika simu. Aliitazama sana, akaondoa miwani, akaifuta.

"Baba, Mama," akasema, "habari ya bibi yenu si mpya kwangu. Mama yangu aliniambia zamani kwamba watu wenu na watu wetu walikaa kijiji kimoja cha misioni."

Tulimwuliza kwa nini hakusema siku zile.

"Ningesema nini? Kwamba na ninyi ni kama sisi? Hiyo ingekuwa kuitikia kwamba kuwa kama sisi ni aibu." Akanyamaza kidogo. "Tena mimi sikumkasirikia mzee wenu. Yeye alikuwa na ugonjwa wake. Niliwakasirikia ninyi wawili, kwa sababu mlikuwa mnakuja hapa kusali, mnakaa kwenye kiti hicho hicho, na siku ile hamkusema neno."

Tuliomba msamaha. Hatukuongeza maelezo, ingawa tulikuwa tumeyaandaa njiani. Hakujibu kwamba ametusamehe. Aliagiza tuletewe chai.

Mkewe ndiye aliyeileta. Aliweka sinia chini, akasimama, akauliza kama katika kitabu kile wameandika pia jina la kwanza la kila mtoto, lile la kabla ya maji. Tulimjibu kwamba si la kila mtoto, lakini la wengi. Akauliza la bibi yetu lilikuwa lipi. Tulimwambia. Alilirudia polepole mara mbili, akaketi.

Mwezi ujao tunakutana na ukoo wote, na mtoto wa ndugu yetu atakuwapo. Yeye tumekwisha kumwambia, peke yake, na tunamwachia mwenyewe aseme au asiseme. Na mwezi wa nane, barabara ikiwa imekauka, tutarudi ziwani pamoja na mzee wa Katuba, kutafuta mstari wa bibi yake. Paroko wa kule amekwisha kuarifiwa. Mzee amenunua daftari lenye jalada gumu, na amemwomba mjukuu wake amfundishe neno *redempta* linavyoandikwa, ili akiliona alitambue mwenyewe.